Kachi ndani ya televisheni: tupime muchezo wa SmackDown

Wasomaji wengine watashangaa kukuta, katikati ya maandishi juu ya mahari, tohara na nyimbo za kazi, maneno juu ya muchezo wa televisheni ambao Wajapani walitengeneza juu ya mieleka ya Wamarekani. Mutu mumoja wa kamati yetu alituuliza kama tunataka kuingiza PlayStation kwenye baraza ya wazee. Tulimujibu kwamba kwenye baraza ile vijana walishaondoka zamani, na kama tunataka kujua walienda wapi, lazima tufuate nyayo zao. Kati ya mwaka 2004 na 2010, wengi walienda kwenye nyumba za michezo, na ndani ya nyumba zile walikuwa wanapiga kachi.

Tunasema kachi, sawa vile kila mutu anasema huku Lubumbashi. Vitabu vinasema mieleka, lakini neno lile ni pana: kuko mieleka ya vijijini, kuko ya Olimpiki, na kuko hii ya onyesho, ambayo wapiganaji wanajua nani atashinda mbele ya kupanda ulingoni, na kazi yao ni kufanya watazamaji wasahau kwamba mambo yalishapangwa. Wazazi wetu waliijua kwa majina ya Kele Kele na kisha Edingwe, wakubwa wa kachi ya Kinshasa, pamoja na fanfari na dawa zake. Kwa hiyo mutu asituambie kwamba kachi ilikuja kwetu ndani ya diski. Diski ilikuta mahali pamoto.

Muchezo tunaotaka kupima unaitwa WWE SmackDown! Here Comes the Pain. Ulitoka Marekani mwezi wa 10 mwaka 2003, kwa mashini ya PlayStation 2. Kampuni Yuke's ya Japani njo iliutengeneza, na THQ ya Marekani ikauuza, mbele ya kufilisika miaka karibu kumi nyuma. Ni wa tano katika ukoo wake: wa kwanza na wa pili walitoka mwaka 2000 kwa PlayStation ya zamani. Juu ya kifuniko kuko Brock Lesnar, kifua wazi, ametoa macho. Sisi hatukukiona kifuniko kile miaka mingi. Hapa diski ilikuja bila nyumba, ndani ya karatasi ya plastiki, jina limeandikwa kwa bike, mara nyingi na makosa. Watu wote waliuita «Smakdon», na ulipokuja mwingine baadaye, ule nao ukaitwa «Smakdon», lakini wachezaji walisema: hapana, tupe ule wa Lesnar.

Tutaeleza namna tulivyoingia ndani ya habari hii, sababu haikuwa kwa kucheza. Tulikuwa tumetoka kwenye Institut Supérieur Pédagogique, kitengo cha Kiingereza na utamaduni wa Kiafrika, tukafundisha shule ya sekondari na kupanga chumba Katuba. Kwenye kona ya avenyu kulikuwa nyumba moja ya michezo: televisheni mbili, mashini mbili, benchi za kanisa lililohama, na pazia kwenye mulango ili jua lisipige kioo. Ndani ya muchezo kuko sehemu ya musimu, ambayo mupiganaji anapita mwaka muzima wa mapatano na magomvi, na mambo yale yanaelezwa kwa maandishi ya Kiingereza. Vijana walikuwa wanabonyeza bila kuelewa, kisha wanajikuta wamesaliti rafiki yao. Mwenye nyumba akatuita: «Prof, kuya utusomee bile banasema.» Tukawa mutafsiri wa Vince McMahon kwa muda wa miezi mbili. Tunakiri kwamba mazungumuzo yale hayakuwa na utajiri mwingi. Yalituingiza tu.

Tulipokaa pale, kitu cha kwanza tulichoona ni kelele, na asili ya kelele ile. Muchezo uliotangulia, wa mwaka 2002, ulikuwa na watangazaji wanaosema wakati wa pambano. Katika huu, watengenezaji waliwaondoa. Kuko sauti ya umati, muziki wa kuingia, mulio wa mwili unaoanguka, basi. Wakosoaji wengine waliona ni upungufu. Kwetu ilikuwa bahati. Nafasi ile iliyobaki wazi, benchi njo iliijaza. Kulikuwa kijana mumoja asiyekuwa na faranga za kucheza hata siku moja, alikuwa anasimama kando ya televisheni na kutangaza kwa Kiswahili cha Katuba, akichanganya Kifaransa cha redio: «Anamubeba, anamubeba! Mama, ule mutoto ya benyewe anakufwa! Hapana kumuacha alamuke!» Mwenye nyumba alimupa mechi moja ya bure kila jioni, kama mushahara, sababu bila yeye watu walikuwa wanarudia nyumbani mapema. Tulifundisha watoto wengi namna ya kueleza tendo wakati linapofanyika, kwa mifano ya vitabu. Hakuna hata mumoja aliyefika pale kijana yule alifika.

Sasa tuingie ndani ya kazi yenyewe, sababu kusifu tu bila kufungua mashini si kupima.

Ufundi wa muchezo huu unakaa kwenye mushiko. Katika ile ya zamani, ulikuwa unabonyeza na mutu anaruka. Hapa unamushika kwanza mwenzako, na kuko njia nne za kumushika: ya nguvu, ya wepesi, ya kubana viungo, na ile ya mutindo wa mupiganaji mwenyewe. Kisha kuko nusu ya pumuzi ambayo mumekumbatiana, na ndani ya nusu ile ya pumuzi mambo yote yanaamuliwa. Mwenye kushikwa naye ana silaha: kifungo cha L2 kinageuza mushiko, kile cha R2 kinageuza ngumi ao teke. Lazima achague, tena asikose wakati. Kwa hiyo mutu mwenye kubonyeza ovyo anashindwa na mutu mwenye kungojea. Tulimuona mutoto wa miaka kumi na mbili akimuchosha askari muzima kwa kungojea tu. Askari alisema maneti imeharibika. Walibadilishana maneti, na mambo yakabaki vile vile.

Kuko pia kipimo kinachojaa kidogo kidogo kadiri unavyopiga vizuri, na kikijaa unapewa ruhusa ya kufanya tendo lako la mwisho, lile ambalo watazamaji wote wanalijua kwa jina: F5 ya Lesnar, Rock Bottom ya The Rock, Tombstone ya Undertaker. Hii ni akili kubwa, sababu kachi ya kweli njo inaenda vile. Hakuna anayeanza na tendo la mwisho. Ni kama muimbaji anayechelewesha kiitikio mupaka watu waombe.

Lakini hapa tunafika kwenye mwiba. Kachi ya kweli ni kazi ya watu wawili wanaosaidiana. Mwenye kuinuliwa anaruka kidogo ili mwenzake aweze kumubeba. Mwenye kulala chini anamupokea yule anayetoka juu, anagawanya uzito wake kwa mikono na magoti. Njo sababu tunasema ni ndugu wa michezo ya kuigiza. Watu wa mji wetu watakumbuka kikundi cha Mufwankolo, kilichotuchekesha kwenye redio na televisheni: hawakushika karatasi yenye maneno yote, walipatana njia ya hadithi, kisha kila mumoja aliamini kwamba mwenzake atamupa neno ambalo anahitaji. Kachi ni vile vile, isipokuwa mahali pa neno unampa mwenzako shingo lako.

Ndani ya Here Comes the Pain, mapatano yale hayamo. Kuko kifungo cha kupiga, kuko cha kushika, kuko cha kugeuza, kuko hata cha kujisifu mbele ya watu. Hakuna kifungo cha kupokea. Muchezo unaiga umbo lote la kachi, jasho, taa, muziki, kamba za ulingo, lakini unaondoa ile siri ambayo bila yenyewe watu wangekufa kila Jumatatu. Unageuza onyesho kuwa vita ya kweli kati ya watu wawili wenye maneti. Mutu atasema: ni muchezo, lazima kuwe mushindi. Ni kweli. Hata hivyo kwenye benchi tuliona wachezaji wazuri wakirudisha wenyewe kile mashini ilikosa. Wawili waliojuana walikuwa wanaachiliana: yule aliyekuwa karibu kushinda alimungojea mwenzake asimame, ili pambano lipande tena, watu wapige makelele. Hakuna mutu aliyewafundisha. Na yule aliyeshinda kwa haraka, kwa hila moja anayoirudilia, alizomewa, hata kama sheria ya mashini ilimupa haki.

Tunakuja kwa jambo ambalo lilitufanya tuandike. Mwaka 2006, kwenye shule ambayo tulikuwa tunafundisha, mwanafunzi wa mwaka wa tatu alipanda juu ya ukuta wa nyuma saa ya mapumuziko, akamuruka mwenzake aliyelala chini juu ya mifuko mbili ya vitabu. Alitaka kufanya kama Rob Van Dam, yule anayetoka juu ya kona ya ulingo kama chura. Yule wa chini aliogopa, akajigeuza kando. Mwenye kuruka alivunjika kiwiko cha mukono wa kuume. Tulikuwa kwenye baraza la nidhamu. Wazee wengine walisema ni shetani, wengine ni wazazi. Sisi, kwa sababu tulikuwa tunaujua muchezo, tulisema ni muchezo, na neno letu lilikuwa na uzito kuliko yote. Mutoto alifukuzwa siku kumi na tano, mukono ukiwa ndani ya plasta, na mwenye nyumba ya michezo akaitwa na mukubwa wa kartie, akafunga mwezi muzima. Hakuna aliyeuliza kule sisi tulikuwa tunapitisha jioni zetu.

Hukumu ile tulishairudilia mara nyingi kichwani. Leo tungeisema tofauti, lakini hatuwezi kuifuta yote. Muchezo haukumusukuma mutoto yule. Ila ulimuonyesha mara mia tano namna ya kuruka, na hata mara moja haukumuonyesha namna ya kupokea. Mujomba wetu, ambaye alipiga mieleka ya kijijini wakati wa ujana wake, alituambia kwamba mwezi wa kwanza hawakumufundisha kitu kingine isipokuwa kuanguka na kumushika mwenye kuanguka. Kuangusha kulikuja nyuma. Diski yetu ilianza na kuangusha na ikaishia palepale.

Kuko tena ile picha ndogo ya mwili. Wakati wa pambano, muchezo unaonyesha umbo la mutu limegawanyika: kichwa, kifua, mikono, miguu. Kila sehemu unayopiga, rangi yake inabadilika mupaka inakuwa nyekundu, na mutu wa mukono mwekundu ni mwepesi kujisalimisha ukimubana mukono. Kwa upande wa ufundi, ni jambo muzuri sana: linamufundisha muchezaji kupanga, kuchagua sehemu na kuifuata kama muwindaji anayefuata damu. Mitambo mingi ya kupigana ya siku zile ilikuwa na musitari mumoja tu wa uzima, kama vile mutu ni chupa ya maji inayomwagika. Hapa mwili ni mwili.

Lakini pambano likiisha, anza lingine: kichwa kimekuwa safi tena. Njo uongo mukubwa wa muchezo huu, na wakati ule hatukuuona. Kati ya wapiganaji wake kuko Chris Benoit, ambaye moja ya matendo yake ni kuruka kutoka juu ya kona na kumupiga mwenzake kwa kichwa. Vijana wa ufundi walimupenda sana, sababu alikuwa na mibano mikali. Mwezi wa 6 mwaka 2007, Benoit aliua bibi yake na mutoto wao wa miaka saba, kisha akajiua. Madaktari waliochunguza ubongo wake walikuta umeharibika vikali, na wakaunganisha jambo lile na mapigo ya kichwa ya miaka mingi. Eddie Guerrero, mwingine ambaye benchi yetu ilimupenda kwa sababu ya hila zake, alikuwa amekufa kwa moyo mwezi wa 11 mwaka 2005, na miaka 38 tu. Mutu anayecheza leo anaona majina yale mawili kwenye orodha, vijana, wenye misuli, na picha ya mwili ikiwa safi. Tukicheza siku hizi, mukono wetu unapita juu ya jina la Benoit bila kusimama.

Juu ya wanawake tutasema kwa ufupi, sababu hakuna kitu cha kuchambua. Trish Stratus, Lita na Victoria walikuwa wapiganaji wa kweli, na muchezo umewapa matendo yao. Kisha ukaweka pambano ambalo musichana anashinda kwa kumuvua mwenzake nguo mupaka abaki na nguo za ndani. Kweli, pambano la namna ile lilikuwa linafanyika Marekani siku zile, watengenezaji hawakulitunga. Lakini waliamua kuliweka mbele ya watoto, wakati mambo mengine mengi ya kachi waliyaacha. Kwenye nyumba yetu ya michezo, mwenye nyumba mwenyewe, mutu asiyekwenda kanisani, alilikataza. Alisema dada zake wanapita pale.

Na Waafrika? Kati ya wapiganaji weusi kuko Booker T, na The Rock ambaye baba yake alikuwa Mukanada mweusi na mama yake wa ukoo wa Samoa. Mwafrika wa Afrika hayuko. Pengine tushukuru. Kachi ya Marekani ilikuwa na desturi ya kutengeneza wageni: katika wazee waliofichwa ndani ya muchezo huu, Nikolai Volkoff aliyejiita Murusi alizaliwa Yugoslavia, Iron Sheik angalau alikuwa Muirani wa kweli. Miaka ya 1980 kulikuwa pia Kamala, «jitu la Uganda», mwenye kupakwa rangi usoni na kutembea bila viatu. Jina lake la kweli ni James Harris, na alizaliwa Mississippi. Hayuko ndani ya diski hii, na hakuna aliyemutafuta.

Nafasi ile vijana waliijaza pia. Kuko sehemu ya kuumba mupiganaji wako: urefu, sura, nguo, muziki, hata namna ya kutembea, na matendo yote unachagua moja moja. Kazi ile inaomba saa mbili ao tatu, na inahifadhiwa kwenye karte ndogo ya kumbukumbu. Kuranti ikikatika mbele ya kuhifadhi, mutu wako amekufa. Tuliona vijana wakimulilia mutu asiyezaliwa. Waliumba Edingwe, na mavazi ya chui. Waliumba mufungaji wa Mazembe. Waliumba mama muuza mikate wa kona, munene, mwenye nguvu kuliko Big Show. Hakuna sehemu nyingine ya muchezo ambayo ilitumiwa na akili nyingi vile, na Wajapani wa Yuke's hawatajua kamwe walichokifungua Katuba.

Mwaka uliopita tulienda kutengenezesha telefone, na fundi akatusalimia: «Shikamoo, Prof.» Alikuwa yule wa ukuta. Mukono wake wa kuume haunyooki vizuri mupaka leo, lakini unatosha kushika kyuma cha kuunganisha nyaya. Nyuma ya meza yake kulikuwa PlayStation 2, nyeusi, imefungwa na kaucho. Anaitunza kwa wateja wanaongojea, hata kama vijana wanacheza muchezo ule ule kwenye telefone, kwa programu inayoiga mashini. Hatukusema kitu juu ya baraza la nidhamu. Tulitaka kusema, maneno yalikuwa tayari, na mteja mwingine akaingia.

Alituwekea diski. Karte ilikuwa ile ile ya zamani. Kwenye orodha ya walioumbwa alishuka mupaka chini kabisa, akasimama kwenye jina lenye herufi nne: PROF. Shati nyeupe ya mikono mirefu, suruali nyeusi, miwani. Walimuumba mwaka 2006, alisema, wakati ule wa plasta; yeye alikuwa anasema, rafiki yake anabonyeza. Tulimuuliza kwa nini walimupa nguvu kidogo vile. Alicheka. Alisema walimupa kidogo ili kila mutu aweze kumupiga.

Tulimuchagua. Yeye akachukua Rob Van Dam. Tulijitahidi kukumbuka L2, lakini vidole vimezeeka, na dakika ya nne tulikuwa chini, kichwa chekundu, na yule akiwa ameshapanda juu ya kona. Alibaki pale juu kidogo, bila kubonyeza. Alikuwa anatungojea tusimame.